Nani Anamdai Nani? Rwanda na Burundi Kwenye Mizani ya Nje

Hoja iliyoletwa barazani ni hii: “Ukitazama mali halisi ya nje, Rwanda imeishinda Burundi, na pengo linazidi kupanuka.”

Mali halisi ya nje ni kile ambacho nchi inamiliki au inadai ng’ambo, ukitoa kile ambacho watu wa ng’ambo wanamiliki au wanadai ndani ya nchi hiyo. Upande wa mali kuna dola zilizowekwa katika benki za nje, dhahabu, amana na hisa. Upande wa pili kuna mikopo, hatifungani, amana za wageni na viwanda vyao. Toa hiki katika kile, utabaki na tarakimu moja, na ni hiyo inayotumiwa kusema nchi fulani imeipita nyingine.

Nimeziita sauti nne ziijadili hapa Nyamirambo, Kigali, mtaa ambao ulikuwa unazungumza Kiswahili zamani kabla ya Bunge kukifanya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Sauti ni za kubuni. Kila moja nimeipa msimamo unaosikika mjini. Takwimu na tarehe si za kubuni. Mchumi ni binti aliyezoea majedwali ya benki kuu. Hajati ana duka la kubadilisha fedha katikati ya mji. Mfanyabiashara ametoka Bujumbura na kazi yake ni kuagiza vipuri vya magari. Mwalimu amestaafu baada ya kufundisha historia. Msimamizi ni mimi.

Akiba iliyo mkononi

MSIMAMIZI: Mchumi, tuanzie kwako. Unaiunga mkono hoja?

MCHUMI: Naiunga mkono. Akiba ya fedha za kigeni hupimwa kwa miezi. Nchi ikiacha kupata dola leo, zile ilizo nazo zitalipia bidhaa za kutoka nje kwa miezi mingapi? Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala mwezi Novemba 2013, inataka kila nchi mwanachama ifike miezi minne na nusu. Rwanda katika miaka ya karibuni imekuwa juu ya minne. Burundi imezunguka kwenye mwezi mmoja, mara ukizidi kidogo, mara ukipungua. Tena baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015, mali halisi ya nje ya benki kuu yao ilizama chini ya sifuri: wanachodaiwa kikazidi walicho nacho. Wazee walisema hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Sasa asiye na kitu kibindoni anabishia nini?

MFANYABIASHARA: Sibishi, dada. Hicho kibindo kitupu nakijua kuliko jedwali lako. Mwanzoni mwa 2023 bei rasmi ya dola Bujumbura ilikuwa faranga elfu mbili na kidogo. Mei mwaka ule benki kuu ikashusha thamani ya faranga kwa mkupuo, dola ikafika 2,800 na ushee. Tukasema sasa bei rasmi na bei ya mtaani zitakutana. Hazikukutana. Kufikia 2025 mtaani dola ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Ukienda benki na ankara yako ya vipuri, unaambiwa dola zimetengwa kwa mafuta, dawa na mbolea. Ukienda kutafuta mafuta, unakuta foleni ya magari imelala hapo tangu jana.

HAJATI: Na bei zikishakuwa mbili, mwanangu, kuna mtu katikati anakula. Anayepewa dola kwa bei rasmi na kuziuza mtaani hana haja ya kuagiza hata msumari. Ndiyo maana wenye kazi kama yangu kule walifungiwa maduka Februari 2020, ikadaiwa sisi ndio tunaopandisha dola, halafu mwaka 2022 wakaruhusiwa kufungua tena. Kufunga duka hakuleti dola. Hapa Kigali naandika bei ubaoni asubuhi; mwenye kutaka dola mia anazipata, mwenye kutaka laki nzima namwambia aende benki akapange. Kuna majira dola huadimika hata hapa. Lakini bei ya ubaoni na bei ya benki zinajuana.

MCHUMI: Ndicho ninachosema. Tarakimu ya benki kuu haiishii kwenye ripoti. Inafika mpaka kwenye tangi la gari. Hoja imethibitika.

Dola zilitoka wapi?

MWALIMU: Ngoja kwanza, binti yangu. Umetuambia zimo ngapi, hukutuambia zilitoka wapi. Mwaka 2013 Rwanda iliuza hatifungani ya kimataifa kwa mara ya kwanza: dola milioni 400, miaka 10, riba ya asilimia 6.625. Wanunuzi walijitokeza wengi kuliko zilizokuwa zinauzwa. Fedha zile zikaenda kumalizia Kigali Convention Centre, kulipa mikopo ya RwandAir na kujenga bwawa la umeme la Nyabarongo. Siku dola zile zinaingia Benki Kuu ya Rwanda, mali halisi ya nje ya benki hiyo ilipanda au haikupanda?

MCHUMI: Ilipanda, Mwalimu.

MWALIMU: Na deni liliandikwa wapi?

MCHUMI: Kwenye hesabu za serikali. Si kwenye hesabu za benki kuu.

MWALIMU: Basi nchi imekopa milioni 400, na jedwali ulilolishika mkononi linasema imetajirika kwa milioni 400. Hilo jedwali tulisome vipi?

MCHUMI: Tulisome pamoja na jingine. Hesabu ziko mbili na watu huzichanganya kwa sababu zina jina linalofanana. Ya kwanza ni ya mfumo wa benki: benki kuu na benki za biashara, wanacho nini nje, wanadaiwa nini nje. Hiyo ndiyo Benki ya Dunia huichapisha kwa kila nchi, kwa sarafu ya nchi yenyewe. Humo, serikali ikikopa nje na kuweka dola benki kuu, dola zinaonekana, deni halionekani. Ya pili ni ya taifa zima: serikali, benki, kampuni, kila mkazi. Humo, mkopo siku unayoingia hauongezi wala haupunguzi kitu, kwa kuwa mali na deni vinaingia pamoja.

MSIMAMIZI: Na fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF?

MCHUMI: Mkopo wa IMF unaoandikwa kwa benki kuu unajifuta ndani ya hesabu ileile ya kwanza. Akiba ya jumla inapanda, baki la mali ukitoa madeni halipandi. Hata ule mgao wa Agosti 2021, IMF ilipogawa fedha zake maalumu zenye thamani ya dola bilioni 650 duniani, Rwanda ilipata kama dola milioni 218 na Burundi kama milioni 210. Karibu sawa, maana hisa zao katika shirika lile zinakaribiana. Kwa kanuni za hesabu za nje mgao ule ni mali, na ni deni papo hapo. Aliyesoma akiba ya jumla tu aliona nchi zote mbili zimenona. Aliyesoma baki hakuona badiliko.

MWALIMU: Sasa tusomee hesabu ya pili, ya taifa zima.

MCHUMI: Rwanda iko chini ya sifuri, na imezama sana. Urari wetu wa malipo ya kawaida katika miaka ya karibuni una nakisi inayozidi asilimia 10 ya pato la taifa: tunanunua nje kuliko tunavyouza, na tofauti hiyo inafidiwa kwa mikopo na mitaji ya wageni. Deni la umma lilikuwa chini ya theluthi moja ya pato la taifa mwaka 2013; sasa limepita theluthi mbili, ingawa sehemu kubwa ni mikopo ya masharti nafuu. Burundi nayo iko chini ya sifuri. Lakini serikali yao, wafadhili walipoondoka, ilikopa zaidi ndani: kwa benki kuu yake na kwa benki za Bujumbura. Deni la ndani halimo kwenye hesabu hii.

MWALIMU: Kwa hiyo ukipima kwa deni la nje peke yake, mshindi wako ndiye anayedaiwa zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

HAJATI: Mwalimu, mimi nimekulia kwenye biashara, niruhusu. Chukua maduka mawili yanayotazamana. Moja lina mkopo wa benki na rafu zimejaa. Jingine halina mkopo, na halina kwa sababu hakuna anayethubutu kulikopesha. Rafu zake tupu. Ukiuliza nani ana deni, wa kwanza ameshindwa. Ukiuliza mteja ataingia wapi, jibu liko wazi. Ila na mimi sitampongeza wa kwanza mpaka nijue rafuni ameweka nini. Akiwa ameweka sukari na unga, atalipa. Akiwa ameweka vioo na taa za kupendezesha duka, hesabu itamjia.

MFANYABIASHARA: Na jumba la mikutano ni sukari au ni taa?

HAJATI: Wageni wa mikutano wanakuja na dola, hizo nazishika kwa mikono yangu. Kama zinatosha kulipa riba, muulize wizara.

Faranga mbili zilizoachana

MSIMAMIZI: Hoja inasema pengo linazidi kupanuka. Hilo ni dai la muda. Tunalinganishaje miaka na miaka?

MWALIMU: Kwa bahati nzuri nchi hizi mbili ni mfano usio wa kawaida. Ubelgiji ilizitawala pamoja kama Ruanda-Urundi, na fedha yao ilikuwa moja na ya Kongo. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, ikaundwa benki moja ya kutoa noti za Rwanda na Burundi. Ilidumu mpaka 1964, zilipogawana: Kigali ikapata Benki Kuu ya Rwanda, Bujumbura ikapata benki ya ufalme, maana Burundi ilikuwa bado na mwami mpaka 1966. Siku ya kuachana, faranga ya huku na faranga ya kule zilikuwa na thamani moja. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa kama faranga 1,400 hapa, na karibu 3,000 kule kwa bei rasmi. Eneo linakaribiana, kahawa na chai ni zilezile, bahari iko mbali vilevile. Tofauti ya leo haikuletwa na ardhi.

MCHUMI: Na hapo ndipo mtego ulipo. Nimesema Benki ya Dunia huchapisha hesabu ya kwanza kwa sarafu ya nchi. Ukichukua safu ya Rwanda na safu ya Burundi ukachora mistari miwili, umechora kwa sehemu kubwa safari ya bei ya dola. Tuseme benki kuu ina baki la dola milioni 100. Dola ikiwa faranga 1,000, jedwali litasema faranga bilioni 100. Dola ikipanda mpaka 1,400, litasema bilioni 140. Hakuna dola hata moja iliyoongezeka, na mwandishi wa habari ataandika kwamba mali ya nje imekua kwa asilimia 40.

MSIMAMIZI: Na aliye chini ya sifuri?

MCHUMI: Kwake ni kinyume. Pungufu ya dola milioni 100, kwa faranga 2,000, ni pungufu ya bilioni 200. Benki kuu ikishusha thamani mpaka 2,800, pungufu inakuwa bilioni 280 usiku mmoja. Kushuka kwa sarafu humpamba aliye juu ya sifuri na kumchafua aliye chini yake. Kwa hiyo mistari miwili ya faranga ingeachana hata kama nchi zote mbili zimekaa kitako mwaka mzima. Dawa yake ni kugeuza kila mwaka kuwa dola kwa bei ya mwisho wa mwaka huohuo, kisha kugawanya kwa pato la taifa au kwa thamani ya bidhaa zinazoagizwa.

MFANYABIASHARA: Kwa bei ipi, dada? Burundi ina bei mbili.

MCHUMI: Swali hilo ndilo linalowasumbua wachumi. Kwa bei rasmi.

MFANYABIASHARA: Basi utadanganyika kwa upande mwingine. Pato la Burundi linapatikana kwa faranga. Ukiligeuza kwa bei rasmi, linaonekana kubwa. Deni la nje lenyewe ni dola tangu mwanzo, haligeuzwi. Ukigawa deni la dola kwa pato lililovimbishwa, unapata uwiano mdogo, unasema Burundi haidaiwi sana. Geuza pato hilohilo kwa bei ninayonunulia dola mimi, uwiano unazidi mara mbili. Ule wepesi wa deni mnaotusifia umetengenezwa na bei ambayo hakuna mfanyabiashara anayeipata.

MWALIMU: Hapo, ndugu yetu, umeniondolea nusu ya hoja yangu.

Miruko ya mstari

MWALIMU: Lakini nusu iliyobaki naishika. Tazameni mstari wowote wa miaka 60 wa nchi hizi, mtaona unaruka. Kila mruko una tarehe, na mingi haihusiani na jasho la mtu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa, na mwaka 1976 na 1977 benki kuu za Kigali na Bujumbura zikajaa dola. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika. Bei ikaanguka, na nchi zote mbili zikaanguka nayo. Rwanda ikashusha thamani ya faranga Novemba 1990, vita vikiwa vimeshaanza. Kisha 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchi ilipoteza watu kabla ya kupoteza fedha. Serikali iliyoyaendesha ilipokimbilia Zaire ilibeba fedha za benki kuu, ikaacha deni la nje linalokaribia dola bilioni moja. Serikali mpya ilibatilisha noti za zamani ili zilizobebwa zisirudi kununua kitu. Huwezi kuchora mwaka ule kama nukta ya kawaida kati ya 1993 na 1995.

MFANYABIASHARA: Na sisi tulikuwa na yetu. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vita vikafuata. Baada ya mapinduzi ya Buyoya mwezi Julai 1996, majirani wakatuwekea vikwazo vya biashara mpaka Januari 1999. Halafu 2015, muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, ukairejesha 2022. Wafadhili walikuwa wanabeba karibu nusu ya bajeti. Toa nusu ya bajeti ya nchi yoyote, uone dola zake zitakaa miezi mingapi.

MCHUMI: Nami niongeze miruko ya kupanda, isionekane mabaya tu yanaruka. Aprili 2005 Rwanda ilikamilisha mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zenye madeni mengi, na mwaka 2006 IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zikafuta zaidi. Burundi ilikamilisha Januari 2009. Kwenye hesabu ya taifa zima, deni likifutwa, baki linapanda. Anayesema Rwanda iliongeza mali halisi ya nje mwaka 2006 amesema kweli ya hesabu. Hakuna gunia la kahawa lililoongezeka.

HAJATI: Na tusijione tumevuka. Mwaka 2012 wafadhili walituzuilia fedha kwa ajili ya vita vya Kongo, Agosti mwaka huo ukazinduliwa mfuko wa Agaciro, watu wakachanga. Mwaka 2025 tena: Uingereza na Ujerumani, kila mmoja kwa namna yake akapunguza au akasimamisha.

MWALIMU: Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba sehemu ya madini yanayouzwa kupitia hapa yanavuka kutoka Kongo, serikali inakanusha. Sitaki tuamue kesi hiyo barazani. Nasema tu kwamba dola za madini zimo kwenye akiba tunayojivunia, na hatari ya siasa inayoziandama haina safu katika jedwali lolote.

Bia ileile, mwenye kiwanda yuleyule

MSIMAMIZI: Mchumi, umesema mitaji ya wageni nayo ni deni. Mwekezaji ni mdai?

MCHUMI: Katika hesabu, ndiyo. Nchi hizi zina mfano mzuri, Hajati atanisamehe. Bralirwa hapa na Brarudi kule zote ni za bia, na kote Heineken ya Uholanzi ndiye mwenye hisa nyingi. Hisa zake ni dai la mgeni kwa Rwanda na kwa Burundi. Kampuni ya Kenya ikinunua benki Kigali kutoka kwa wenye hisa wa Rwanda, kama Equity ilivyoichukua Cogebanque mwaka 2023, mali ya nje ya Kenya imeongezeka na deni la nje la Rwanda limeongezeka kwa kiasi hichohicho.

HAJATI: Nimekusamehe. Sinywi, lakini hesabu haina haramu.

MFANYABIASHARA: Tofauti iko kwenye mlango wa kutokea. Hapa gawio linatoka kwa dola, hata Mnyarwanda wa kawaida tangu 2011 anaweza kununua hisa za Bralirwa kwenye soko la hisa. Kule faida inaweza kuwepo kwenye vitabu ikakosa dola za kuondokea. Na malighafi ikikosa dola za kuingilia, mtaani vinywaji vya Brarudi vinaadimika na bei inapangwa na mwenye nyumba ya bia.

MCHUMI: Ndiyo maana muundo wa deni ni muhimu kuliko alama yake. Kiwanda cha mgeni kikipata hasara, mgeni anapata hasara pamoja nasi. Hatuna tarehe ya kumlipa. Hatifungani ina tarehe, na inalipwa mvua ikinyesha isinyeshe. Mkopo nafuu wa miaka 40 uko katikati. Nchi mbili zenye baki linalolingana zinaweza kuwa moja ina usingizi na nyingine haina.

MWALIMU: Na sarafu ya deni?

MCHUMI: Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Japani ilikalia kiti cha mdai mkuu wa dunia kwa miaka 34, mpaka Ujerumani ilipoipita mwisho wa 2024. Mdaiwa mkuu ni Marekani, na hakuna anayeiita maskini, kwa sababu inadaiwa kwa dola zake yenyewe. Sisi tunadaiwa kwa dola za Marekani. Faranga yetu ikishuka, mauzo yetu ya nje yanapata unafuu kidogo, lakini deni letu kwa faranga linapanda siku hiyohiyo.

Kauli za mwisho

MSIMAMIZI: Kila mmoja aseme anaondoka na nini.

MCHUMI: Bado naunga mkono, ila nabadili maneno. Rwanda inaishinda Burundi kwa uwezo wa kulipa kesho. Sisemi inaishinda kwa utajiri.

MWALIMU: Mimi bado napinga. Uwezo wa kulipa kesho ulionunuliwa kwa ahadi ya kulipa keshokutwa haujathibitishwa mpaka keshokutwa ifike.

MFANYABIASHARA: Mimi nimechagua kwa miguu, biashara yangu iko Kigali. Lakini msiitumie Burundi kujisifia. Kuwashinda wasio na dola ya mafuta si kipimo cha nchi inayotaka kuwa kituo cha fedha cha kimataifa.

HAJATI: Bei moja, ubaoni, kila mtu aione. Nchi ikiweza hilo, mengine yatajadiliwa.

Uamuzi wa msimamizi

Kwa jinsi ilivyoandikwa, hoja imeanguka. Neno “imeishinda” ni kweli katika hesabu ya benki, na halithibitiki katika hesabu ya taifa zima, ambako nchi zote mbili ziko chini ya sifuri na Rwanda ndiyo iliyokopa nje kwa ujasiri zaidi. Neno “linazidi kupanuka” haliwezi hata kupimwa kwa faranga. Kwa dola linapimika, mradi msomaji akumbuke kwamba uwiano wa Burundi unategemea bei ya dola isiyopatikana dukani.

Lakini anguko la hoja si ushindi wa upinzani. Mwalimu alitaka deni la nje lihesabiwe kama udhaifu. Burundi inaonyesha kwamba kutokopeshwa kunaweza kuwa udhaifu mkubwa zaidi. Bujumbura ilipokosa mkopeshaji wa nje, haikuacha kutumia. Ilihamishia mzigo ndani, kwenye noti za benki kuu, kisha kwenye bei ya mtaani, kisha kwenye foleni ya mafuta. Hakuna jedwali la mali ya nje lililouandika mzigo huo. Uliandikwa kwenye mfuko wa kila anayelipwa mshahara kwa faranga.

Anayelinganisha nchi hizi mbili, au nyingine zozote, aanze kwa kuuliza ni hesabu ya nani, benki au taifa. Akishajua hilo, aangalie kila mruko umeletwa na nini: uzalishaji, msamaha, vita au bei ya dola. Mwishoni aulize deni limenunua kitu kinacholeta dola, au limenunua muda tu. Majibu hayo yakikosekana, tarakimu moja inayobaki baada ya kutoa haimwambii mtu chochote.

Kwa swali hilo la mwisho Rwanda imejiwekea tarehe. Agosti 2021 iliuza hatifungani ya pili, dola milioni 620 kwa riba ya asilimia 5.5, na sehemu ya fedha hizo ikanunua tena sehemu kubwa ya ile ya 2013 kabla haijaiva. Huko ni kulipa deni kwa deni, na kwa kuwa riba ilikuwa ya chini kuliko ya kwanza, halikuwa kosa. Hatifungani ya pili inaiva Agosti 2031. Mwaka huohuo ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki imeupangia sarafu moja, baada ya kukosa lengo la 2024. Ikifika siku hiyo Rwanda ikalipa kwa dola za mikutano, chai, madini yasiyo na kesi na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, Mchumi atakuwa na haki ya kusema deni lilikuwa mtaji. Ikilipa kwa kukopa tena kwa riba kubwa zaidi, Mwalimu atakuwa na haki ya kurudi barazani. Burundi, kwa upande wake, ina mtihani usiohitaji kusubiri 2031: iziunganishe bei zake mbili za dola. Mpaka hapo, mali yake halisi ya nje, iwe juu au chini ya sifuri, itaendelea kupimwa kwa kipimo ambacho raia wake wenyewe hawakitumii.